Gari la Idara ya Umbali Labadilishwa Meno

Idara ya Umbali ilitangaza, kwa furaha na unyenyekevu mkubwa, kwamba zahanati ya mlimani haikuwa mbali tena.

Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi mwenyewe kwenye ngazi za ofisi, mbele ya viti vya plastiki vilivyokaliwa na watumishi wa idara peke yao, maana wananchi walikuwa kazini. Alieleza kwamba kwa juhudi za idara, serikali ilikuwa imewasogelea wananchi kwa kilomita tano bila kuhamisha hata meza moja. Palipokuwa kilomita arobaini na moja sasa palikuwa thelathini na sita. Na kwa kuwa kanuni inasema kilicho ndani ya kilomita arobaini ni Eneo la Jirani, na wakazi wa Eneo la Jirani hawahitaji zahanati yao kwa sababu wanaweza kutembea mpaka hospitali ya mjini, zahanati ingefungwa mwisho wa mwezi, kwa hafla. Si mbali, alisema Mkurugenzi, ni kunyoosha miguu tu. Watumishi walipiga makofi kwa kiasi kilichowekwa na mwongozo.

Ieleweke kwamba Idara ya Umbali haipimi ardhi. Ardhi ina wapimaji wake, wenye kamba na darubini, ambao idara huwaonea huruma. Idara hupima umbali wa kila kitu kutoka kwenye jiwe jeupe lililo mbele ya ngazi za ofisi, na chombo pekee kinachotambuliwa ni mita ya pikapu ya idara: gari kuukuu la kupandia milima, rangi ya majani makavu, ambalo mlango wake wa kushoto hufungwa kwa goti. Kilomita ikisomwa na mita hiyo ni kilomita. Ikisomwa na nyingine ni maoni.

Mkurugenzi aliipenda mita hiyo kwa sababu ndiyo iliyompa kiti. Mkurugenzi aliyetangulia alikutwa na nyumba iliyo nje ya kilomita kumi, na kanuni, iliyotungwa na makamu wake wiki hiyo hiyo, ilisema mkuu wa idara anayelala nje ya kilomita kumi anahesabiwa kuwa ameondoka kazini. Yule mzee alilalamika kwamba mita imekosea. Makamu akatunga kanuni ya pili: mita haikosei, anayedai imekosea ndiye aliyekosea. Kisha akaifunga mita kwa waya na muhuri wa madini ya risasi, kwa mkono wake mwenyewe, akahamia chumba cha kona.

Jambo lake la kwanza akiwa kwenye kiti lilikuwa matairi. Aliona aibu kwamba pikapu ya idara ilikaa chini kama kuku anayelalia mayai, akaagiza matairi makubwa yenye kucha, yaliyoinua gari mpaka mtumishi mfupi alihitaji kigoda kupanda. Yaliitwa matairi ya hadhi. Tangu siku hiyo mahali palianza kusogea. Soko lilisogea, shule zilisogea, na nyumba mpya ya Mkurugenzi, aliyoijenga kwenye mwinuko wenye upepo mzuri, ilisomeka kilomita tisa kamili. Hakuna aliyeshangaa. Idara ilisema ni matokeo ya uongozi.

Aliyeisoma mita alikuwa Mpimaji. Alikuwa mtu mkavu, msomi, wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na aliamini kwamba hisia ni vipimo vilivyochukuliwa vibaya. Kazi yake ilikuwa kusoma, si kushangaa. Ni yeye aliyechukua kipimo cha awali cha mlimani, peke yake, gari tupu, akiibembeleza klachi njia nzima kama mtoto mwenye homa. Alisoma thelathini na sita akasema thelathini na sita.

Bahati mbaya ni kwamba muuguzi wa zahanati ile alikuwa dada yake.

Dada alimlea Mpimaji baada ya mama yao kufariki, na mpaka leo, kabla ya kumsalimia, humgeuza kichwa amkague masikio. Siku ya pili baada ya tangazo aliingia ofisini kwake na vumbi mpaka magotini, akayakagua masikio, akaridhika, akakataa kiti.

"Mdogo wangu, huo mlima umepungua?"

"Mlima haujaguswa, Dada."

"Barabara imenyooshwa?"

"Hapana."

"Basi hizo kilomita tano nani kazila?"

Mpimaji alimweleza, kwa utaratibu, kwamba umbali ni kile ambacho mita imesoma. Dada alimsikiliza kama anavyowasikiliza wagonjwa wanaojitibu wenyewe. Halafu akamwambia habari ya mwanamke aliyetoka nyuma ya mlima alfajiri, na uchungu wake, akatembea mpaka zahanati na kujifungua kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mtoto mzima, mama mzima. Huyo angeambiwa ateremke mpaka mjini angezaa njiani, na Dada alitaka kujua kama idara ina kanuni ya kukata kitovu barabarani.

"Haina," alisema Mpimaji.

"Itungeni basi. Nyinyi ni mafundi wa kutunga."

Alipoondoka, Mpimaji alikaa muda akitazama alama za vumbi sakafuni. Hakukubali kwamba ameumia. Alikubali tu kwamba swali la Dada, ukiondoa ukali wake, lilikuwa halali: kilomita tano ni kitu, na kitu hakipotei bila kwenda mahali.

Kanuni ilitaka kipimo cha mwisho kichukuliwe mbele ya Mkurugenzi. Kwa hiyo siku ikapangwa, na pikapu ikapakiwa Mkurugenzi, mwanasheria wa idara aitwaye Bibi Sheria, kipaza sauti na betri yake, viti vya wageni, utepe, na mkasi kwenye sahani yenye kitambaa. Ilikwenda vizuri mpaka mteremko wa mwisho, ambao kwa anayepanda si mteremko bali ni ukuta. Hapo injini ilianza kulalamika. Mpimaji aliingiza gia ya kwanza. Nyingine ya chini yake haikuwepo. Ulikuwepo ule mkono mfupi wa gia nzito, uliowekwa na watengenezaji kwa ajili ya mahali kama hapo, lakini ulikuwa umeganda kwa miaka kwa kuwa kuutumia kulihitaji kibali. Gari lilipanda hatua chache, likatafakari, likasimama. Harufu ya klachi ikajaa mle ndani. Mbuzi watatu waliokuwa juu ya kingo walitazama msafara ukirudi kinyumenyume, Mkurugenzi akipunga mkono kwa mazoea.

Gari likapelekwa kwa fundi. Gereji yake ilikuwa bati tatu na shimo, na jirani zake walimwita Profesa, kwa sababu hakuwahi kulegeza nati bila kutoa mhadhara, na hakuwahi kumaliza mhadhara bila kujisifu. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akacheka peke yake.

"Mmemvalisha punda viatu vya tembo," alisema, "halafu mnamshangaa hatembei."

Alitoa tiba tatu. Ya kwanza, kuuamsha ule mkono mfupi ulioganda: kazi ya mchana mmoja na mafuta kidogo. Ya pili, kurudisha matairi ya kwanza. Ya tatu, kufungua ekseli na kubadilisha gia za difu, ile kubwa ya duara na ile ndogo inayoizungusha, kuweka zenye meno yaliyopangwa kwa ajili ya matairi makubwa, ili injini ipate nguvu yake tena. Ya tatu ilikuwa kazi kubwa, alisema, na katika mji ule wapo watu wengi wanaosema wanaiweza, na mmoja anayeiweza.

Mpimaji aliyapeleka mapendekezo yote matatu kwenye kamati. Mkurugenzi alikataa la kwanza kwa sababu ni ukarabati, na ukarabati hauna uzinduzi. Alikataa la pili kwa sababu idara hairudi nyuma. Akabaki na la tatu, ambalo liliitwa rasmi Mpango wa Uboreshaji wa Meno, na wajumbe wakasifu busara yake ya kuchagua.

Mhasibu aliomba kazi ianze na ekseli ya nyuma tu, kwa majaribio, na ya mbele isubiri mwaka mwingine. Profesa, aliyeitwa atoe maelezo akiwa na ovaroli yake ya grisi kwenye kiti kilichotandikwa gazeti, alisema gari la kuvuta magurudumu yote manne haliwezi kuwa na meno tofauti mbele na nyuma. Mbele kungetaka kwenda kivyake na nyuma kivyake, na siku ukiunganisha vyote viwili kwenye barabara ngumu, vitapigana mpaka kimoja kivunjike. Mhasibu alisema hiyo haikuwa hoja, kwa kuwa idara nyingi zinaendeshwa hivyo na zipo. Mkurugenzi ndiye aliyekata shauri. Yeye hukaa mbele, alisema, na hawezi kukaa mbele ya gari ambalo nyuma yake imeboreshwa kuliko mbele. Ekseli zote mbili zikapitishwa.

Siku Mpimaji alipokwenda kukagua kazi, Profesa alikuwa ndani ya shimo, difu imefunguliwa juu yake. Alikuwa ameyapaka meno ya gia mpya rangi ya njano, akiyazungusha polepole kwa mkono na kuangalia wapi rangi inafutika, kwa sababu meno yakigusana juu sana yatalia na yakigusana chini sana yatalika. Aliongeza kikaratasi cha chuma chembamba kama ukucha, akafungua, akapaka, akazungusha tena. Ilikuwa kazi ya kurudiarudia bila hasira, na Mpimaji, ambaye hakuwahi kuipenda gereji yoyote, alijikuta ameipenda.

Ni wakati huo Profesa alipouliza, bila kuinua macho, habari ya mita.

"Mita ina nini?"

"Mita haioni barabara, mkuu. Unadhani inaona? Inahesabu mizunguko ya huu mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi kuja kwenye difu. Basi. Mlipoweka matairi makubwa, gurudumu likizunguka mara moja linakula njia ndefu, mhimili unazunguka mara chache, mita ikadhani safari ni fupi. Mimi ningewaambia siku ile ile, lakini hamkuleta kwangu."

Mpimaji aliinama karibu na shimo.

"Na sasa?"

"Sasa kinyume. Zamani mhimili ulizunguka mara nne na ushei kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kwa meno haya utakaribia tano. Mita itaona safari ndefu kuliko ilivyokuwa ikiona. Zile kilomita zenu zitarudi zote, na nyingine mbili za juu kama nyongeza ya muuza duka. Kuna kigia kidogo cha plastiki cha kuirekebisha, kadiri ya kizibo cha chupa. Niagize?"

Mpimaji alipiga hesabu kichwani, akairudia, ikaja ile ile. Alijisikia kama mtu aliyegundua kwamba saa yake imekuwa ikichelewa kwa miaka na kwamba ni yeye aliyekuwa akiwasema wengine kwa kuwahi.

"Nitauliza," alisema.

Aliuliza. Katika kikao kilichofuata, chini ya Mengineyo, alieleza kwamba fundi anashauri mita irekebishwe ili ilingane na meno mapya. Kimya kilichofuata kilikuwa kile kinachotokea mtu anapotaja maradhi ya mwenye nyumba mezani.

"Unasema mita ya serikali imekosea?" aliuliza Mkurugenzi.

"Nauliza kama Mkurugenzi angependa iguswe."

"Muhuri ule nani aliupiga?"

"Wewe, Mkurugenzi."

"Basi sikia. Mita isiguswe. Atakayeigusa, nitamgusa." Akamgeukia Bibi Sheria. "Liingie kwenye kumbukumbu, na jina langu."

Bibi Sheria, mwanamke mfupi wa miwani aliyekariri kanuni zote za idara na hakuwahi kuonyesha ni zipi anazipenda, aliliingiza. Mpimaji aliona kwamba ameshauri, kwamba ushauri wake umekataliwa na mwenye mamlaka, na kwamba kilichobaki kwake ni utii. Utii alikuwa nao tele. Hata alihisi, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, kwamba utii una utamu fulani.

Uzinduzi wa meno ulifanyika chini ya gari, kwa kuwa ndiko ekseli ziliko. Mkurugenzi, kwa suti ya kijivu, alilazwa chali kwenye ubao wenye magurudumu na kusukumwa na Profesa mpaka ndani, ambako alikata utepe mmoja kwenye ekseli ya nyuma na mwingine kwenye ya mbele. Hotuba ilisikika kwa shida. Alipotolewa alikuwa na tone la mafuta kwenye paji la uso, na hakuna aliyekuwa na cheo cha kumwambia.

Gia mpya, alionya Profesa, si za kukimbilia mlima siku hiyo hiyo. Zinahitaji kuzoeshwa: safari fupi, mwendo wa upole, zipoe, ziende tena. Mkurugenzi akaona hilo lifanyike kwa kumpeleka yeye nyumbani jioni na kumleta asubuhi. Hivyo kwa siku kadhaa Mpimaji alimwendesha kwa upole kupanda mwinuko wenye upepo mzuri, Mkurugenzi akisinzia pembeni yake, na kila mara walipofika kwenye geti Mpimaji alitupa jicho kwenye mita. Ilisoma kilichokuwa lazima isome. Hakusema, kwa sababu hakuulizwa, na kusema bila kuulizwa ni kosa la nidhamu.

Siku ya hafla gari lilipakiwa upya: watu wale wale, viti vile vile, mkasi ule ule, na juu yake seti mbili za gia za zamani zilizooshwa kwa dizeli zikang'aa. Mkurugenzi alikuwa amepata wazo la kuwapa watu wa mlimani kama kifuta machozi, na pia kwa sababu stoo ilikataa kuzipokea bila kibali cha kung'oa. Mpimaji aliweka mita kwenye sifuri juu ya jiwe jeupe, Bibi Sheria akashuhudia, wakaondoka.

Kwenye mteremko wa mwisho, Mkurugenzi alishika mpini juu ya mlango akafumba macho. Hakukuwa na haja. Injini haikulalamika wala klachi haikunuka; meno mapya yalinguruma kwa sauti ya chini kama mtu anayeimba akiwa na kazi mkononi, na pikapu ikapanda ukuta ule kwa mwendo wa mzee anayekwenda kwake. Mbuzi walipisha. Mkurugenzi alifumbua macho na kusema kwamba huo ndio uongozi.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na baraza. Watu wa mlimani walikuwa wamejaa uwanjani, kimya, wengi wakiwa wanawake, na mbele yao alisimama Dada na aproni yake nyeupe, mikono ameikunja. Mpimaji alisimamisha gari tairi la mbele likigusa kizingiti, kama kanuni inavyotaka.

Ratiba ilianza na zawadi, kwa kuwa kusomwa kwa mita kulionekana ni kukamilisha tu. Mkurugenzi alimkabidhi Dada gia ya duara kwa mikono miwili. Alisema ni ishara ya kwamba serikali haina mikono mitupu. Dada aliipokea, akaipima uzito, akaigonga kwa kucha. Ililia vizuri.

"Sasa," alisema Mkurugenzi kwenye kipaza sauti, "Mpimaji atusomee, tufunge, watu wakapumzike."

Mpimaji aliinama dirishani. Alisoma kwa sauti ile ile anayotumia siku zote, isiyo na mbele wala nyuma.

"Arobaini na mbili, nukta tisa."

Mbuzi mmoja alikohoa mahali fulani.

"Rudia," alisema Mkurugenzi.

Alirudia. Mkurugenzi alishuka, akatazama mwenyewe kupitia dirishani, akatazama muhuri wa risasi, ambao ulikuwa mzima. Akasema, kipaza sauti kikiwa bado wazi, kwamba mita imekosea.

Bibi Sheria alivua miwani. "Mita haikosei," alisema. "Anayedai imekosea ndiye aliyekosea. Na katika kikao, chini ya Mengineyo, Mkurugenzi aliagiza isiguswe. Mahali hapa ni Eneo la Mbali. Zahanati haifungwi."

Uwanja haukupiga kelele. Kina mama waliangaliana kwanza, kama watu waliozoea kwamba habari njema huja na mkia. Kisha mmoja akacheka, na kicheko kikatembea mpaka barazani. Mkurugenzi, mtu wa kuwahi, alikwisha kurudi kwenye kipaza sauti akisema kwamba, vema, idara imeleta mafanikio ya aina yake, imewarudishia wananchi umbali wao. Angeondoka na makofi. Ni Dada aliyemzuia kwa swali.

"Samahani, mheshimiwa. Hizi kilomita zimerefuka huku kwetu tu, au na huko mjini?"

Hakulikusudia kama mtego. Mpimaji alimjua dada yake: alitaka tu kujua kama dawa zake zitatoka mbali zaidi. Lakini swali likishaulizwa hadharani hujibiwa hadharani, na Bibi Sheria alikuwa na jibu. Kipimo kimoja kikisomwa tofauti, alisema, vyote husomwa upya, kuanzia na makazi ya mkuu wa idara.

Msafara ukashuka mlimani. Mjini, Bibi Sheria aliomba gari lipite kwenye jiwe jeupe, mita ikarudishwa sifuri, wakampeleka Mkurugenzi nyumbani. Upepo ulikuwa mzuri kama kawaida. Getini Mpimaji alisoma kumi, nukta saba.

Mkurugenzi hakushuka mara moja.

"Mpimaji," alisema, "wewe ulijua."

"Niliuliza, Mkurugenzi."

"Uliuliza kama mita iguswe. Hukusema ni kwa nini."

"Mkurugenzi hakuniuliza ni kwa nini."

Yule aliyekuwa Mkurugenzi alifungua mlango wa kushoto, ambao hufunguka kwa urahisi kuliko unavyofungwa. Asubuhi yake chumba cha kona kilikaliwa na kaimu, yaani Bibi Sheria, anayeishi ng'ambo ya barabara kutoka ofisini na ambaye, walivyokumbuka watu sasa, alikataa mara mbili kuhama nyumba ile ndogo yenye kelele.

Aliyekuwa Mkurugenzi, sasa mzee tu, alikata rufaa. Alikuja nayo kwa miguu, njia yote, na alipofika akahitaji kukaa kabla ya kuieleza. Hakudai mita imekosea, maana hilo lingemmaliza. Alidai meno yamekosea. Aliomba gia za zamani zirudishwe, nyumba yake ipimwe nazo. Kaimu alitafakari kwa haki. Alisema kanuni haikatazi, ila mwombaji ndiye anayeleta vifaa vyake. Na vifaa viko wapi? Vilikuwa mlimani. Mzee aliomba gari la idara limpeleke akavichukue. Kaimu akasikitika: gari ni la watumishi.

Mpimaji aliagizwa ampigie simu muuguzi kumjulisha. Dada alikuwa katikati ya kazi. Kwa nyuma kulikuwa na mtoto aliyekuwa akiilaani sindano kwa nguvu zake zote.

"Mwambie apande achukue," alisema Dada. "Kwa miguu. Si alisema ni kunyoosha miguu tu?" Halafu akauliza kama masikio yamesafishwa, akakata simu.

Jumapili Mpimaji alikwenda kumsalimu dada yake, kwa nafasi yake na kwa nauli yake. Gia kubwa ya nyuma ilikuwa imening'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti ya baraza, na gia ndogo imefungwa kamba pembeni kuwa nyundo. Ikigongwa, ilisikika mpaka nyuma ya mlima, na wajawazito walijua muuguzi yupo. Seti ya mbele ilizuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Walikuwa wameketi kwenye benchi la wagonjwa, wakizungumza habari za mama yao, alipotokeza mtu kwenye kona ya mwisho.

Lori la mchanga lilikuwa limemshusha chini ya mlima, na mlima wenyewe alikuwa ameupanda. Koti lilikuwa begani, viatu mkononi. Alisimama uwanjani, akataka kusema, pumzi ikamkatalia. Dada hakuinuka. Alimtazama kwa jicho la kazi, kuanzia midomo mpaka vifundo vya miguu, akaona hahitaji chochote ila maji.

"Umekuja kuchukua gia zako," alisema. "Zipo. Sizuii mtu. Ila kwanza nijibu swali moja, mzee wangu, halafu nikupe maji na gia pamoja. Hapa ni jirani, au ni mbali?"

Mzee alitazama gia iliyoning'inia. Alijua hesabu, hakuwa mjinga, alikuwa mkurugenzi tu. Akisema jirani, kama gia zile zilivyosema, rufaa yake ina miguu. Akisema mbali, haina. Aligeuka akautazama mlima alioupanda, kona kwa kona, mpaka chini ambako barabara ilikuwa uzi.

"Mbali," alisema.

Dada akainuka, akampa maji, akampisha kwenye benchi. Alikunywa yote na hakuiangalia tena gia.

Mpimaji, akiwa mapumzikoni, hakuandika kitu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona umbali ukipimwa bila gari, na kwa kadiri alivyoweza kukagua kutoka pale alipokaa, kipimo kilikuwa sahihi.